Sentensi ya Chilufya Niliyoifuta

Kashikishi, nyuma ya soko la samaki,
Nchelenge, Rodezia ya Kaskazini.
Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1957.

Kwa mupendwa mudogo wangu Jessy,

Yambo sana, mudogo wangu. Yambo na shemeji Ilunga, yambo na watoto wote wa nyumba yako kule Elisabethville. Mimi niko muzima, Mungu anisaidie nibaki hivyo, ila goti la kushoto limeanza tena ukorofi wake na asubuhi linakataa kuamka pamoja nami. Wewe je, u hali gani? Unalala vizuri? Na kifua cha shemeji kimepona? Ile dawa ya mizizi niliyomutuma Kingsley, huyu muvusha samaki wetu, ailete, aliinywa kweli, au aliimwaga nyuma ya nyumba kama ya mwaka jana? Usimufiche, namujua.

Naandika Kiswahili tena, si Kibemba, kwa ajili yake huyo huyo. Najua barua zangu munazisoma pamoja mezani, na akikuta Kibemba anadhani anasengenywa. Basi, shemeji, kaa kitako usome, leo husengenywi. Leo anayesengenywa ni mimi mwenyewe. Kiswahili changu ni kile nilichookota Kilwa ya kwenu Kongo, miaka ile niliyovuka ziwa na vikapu vya samaki, kwa hiyo musinicheke sana.

Kitambaa cha maua ya manjano kilifika salama, hakikulowa hata pembe. Nimekishona gauni la kanisani. Jumapili iliyopita muke wa muchungaji aliniuliza mara tatu kimetoka wapi, na mara zote tatu nilijibu kwa sauti ya kusikika na watu wa nyuma. Asante sana, mudogo wangu. Unanipendezesha uzeeni.

Huku joto limetukaba koo. Mvua bado, ingawa mawingu yanakuja kila alasiri kutudanganya. Ziwa limetulia na chisense, wale samaki wadogo, wamejaa hadi wavuvi wanachoka. Ufuko wote umetandazwa samaki wanaokauka, huna pa kukanyaga, na harufu imeingia hadi kwenye Biblia yangu. Muzee Chalwe, jirani, hatimaye ameezeka nyumba yake kwa mabati. Sasa muchana kutwa haingiliki kwa moto, basi anakuja kukaa kwangu, chini ya nyasi zangu, anasifu mabati yake. Namupa maji anywe, namupepea.

Shule ya misheni inaendelea. Mwaka huu wamenipa darasa la nne, watoto hamsini na wawili, na madawati ya watoto thelathini. Lakini kazi inayonitoa jasho ni ile ya Jumapili baada ya ibada, unaikumbuka? Watu wanakuja na barua zao za Kiingereza niwasahihishie kabla hazijaenda biro, ofisi ya serikali. Wanatoka hadi Chienge sasa. Wanakaa kwenye kibaraza kwa mustari, kila mutu na karatasi yake imekunjwa kifuani, kama wanasubiri sindano.

Na makosa yao, Jessy, ni yale yale yetu sote. Kwetu mwanaume ni yeye, mwanamuke ni yeye, basi tumemaliza. Wazungu hapana, kila mumoja na kineno chake. Rodwell, muchuuzi wa samaki aliyeajiriwa barabarani mwaka huu, aliiandikia biro ya wilaya kwamba muke wake amejifungua, akaomba siku tatu za ruhusa kutoka kazi ya barabara. Barua nzima alimutaja muke wake kwa kineno cha mwanaume. Karani akamujibu kwa heshima zote, akiomba kujua ni nani hasa aliyejifungua. Rodwell aliniletea jibu hilo huku ametokwa na jasho, anadhani anashitakiwa.

Mwingine ni mutoto wa darasa langu. Aliandika kwa Sista wa zahanati kwamba baba yake wanaumwa, wamelala, hawali. Alikuwa anaonyesha adabu, kama sisi tulivyolelewa. Nani kwetu anamutaja baba yake kwa umoja, kama anataja mbuzi? Sista akaja kwa baisikeli, jua la saa nane, na dawa za watu wanne. Akamukuta muzee mumoja tu kwenye mukeka, akauliza wengine wamekimbilia wapi.

Tunacheka, lakini mutu anaweza kukosa kazi kwa sababu ya sentensi moja. Ndiyo maana nimekuwa mukali. Kalamu yangu nyekundu haina huruma, na nilijivunia hivyo. Mutu akileta karatasi, mimi naona makosa kabla sijaona jina lake. Sasa shika moyo, mudogo wangu, maana kalamu hiyo imeingia nyumbani kwangu.

Mwezi wa sita Chilufya wetu aliomba nafasi kwenye chuo cha walimu wa kike. Nilikuandikia habari hiyo. Ambacho sikukuandikia ni kwamba chuo kilitaka kila musichana aandike ukurasa mumoja wa Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, aeleze yeye ni nani na watu wake ni akina nani. Mutoto alikaa mezani alasiri nzima, ulimi nje kama alipokuwa na miaka sita. Akaniletea.

Makosa yalikuwa saba. Sita yalikuwa ya kawaida, nikayakata, akatikisa kichwa, akaelewa. La saba halikuwa kosa, lakini nilikuwa nimeshika kalamu. Alikuwa ameandika hivi: Nina mama wawili. Mumoja alinizaa, yuko Elisabethville. Mumoja alinilea na kunifundisha kusoma. Wote wawili wananiombea.

Nikaikata mistari yote, Jessy. Juu yake nikaandika kwamba mama yake yuko Elisabethville, na yeye anakaa kwa anti yake. Nikamwambia, mutu ana mama mumoja, wazungu watakucheka. Alifuata mustari wangu mwekundu kwa kidole. Akasema, ndiyo, Mayo, yaani ndiyo, mama. Akanakili upya kwa mwandiko wake muzuri, na kesho yake tukaenda pamoja posita.

Utaniuliza kwa nini. Wewe ulikuwa mudogo bado unabebwa mugongoni, hukujua jambo hili, na mimi sikumwambia mutu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu pale misheni, mwalimu wetu muzungu aliniambia nisimame niseme habari za nyumbani kwa Kiingereza. Nikasema nina mama wanne. Nilimaanisha mama yetu na dada zake watatu, kama mutoto yeyote wa kwetu angesema. Yule bibi hakuwa mubaya, alinipa viatu vyangu vya kwanza. Lakini siku ile alicheka hadi akavua miwani aifute, akaenda kumwita mwenzake wa darasa la pili, akaniambia nirudie ili naye asikie. Nikarudia. Tangu hapo, mbele ya muzungu, nina mama mumoja tu. Wale watatu niliwazika kwa mudomo wangu wakiwa bado wanatupikia.

Basi niliogopa wamucheke na yeye. Nilitaka kumukinga, na nilivyomukinga ndivyo nilivyomuumiza.

Jioni ile ile tuliyotoka posita alirudi kutoka kuteka maji. Akasema, Anti, maji nimeyaweka ndani. Nilidhani ananitania, nikacheka. Kesho yake akasema, Anti, bukari iko tayari, njoo ule. Siku ya tatu sikucheka tena.

Usifikiri amekuwa na kiburi, hapana kabisa. Anafua, anatwanga, goti langu analikanda kwa mafuta kila siku bila kuombwa. Akizungumza nami anainamisha macho vilevile. Heshima yote ipo, ila lile neno Mayo, aliloniitia miaka kumi na mitatu, silisikii tena. Mwezi wa nane nilishindwa kuvumilia nikamuuliza, mutoto, mbona unaniita hivyo? Akanijibu polepole, bila hasira, kwamba nilimwambia amekosea, kwa hiyo amesahihisha.

Ai, Jessy! Mimi ndiye ninayewaambia watoto kila siku ya Mungu kwamba ukisahihishwa, usirudie kosa. Nikachukua daftari za darasa la nne nikajifanya nina kazi nyingi.

Na sokoni bado wananiita Mama Chilufya, kama unavyojua, kwa kuwa Mungu hakunipa wa tumbo langu. Zamani nilikuwa naitika kabla hawajamaliza. Siku hizi mutu akiniita hivyo nageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine.

Nikuambie kweli moja, na shemeji aisome pia. Nilikuonea wivu, mudogo wangu. Wewe ulimuacha akiwa na miaka minne, surua haijamutoka vizuri, marehemu baba yake, Mubanga, hajamaliza mwaka kaburini. Ulilia kwenye mutumbwi hadi nikaogopa utauzamisha. Ulisema, yaya, dada yangu mukubwa, ni wako hadi nirudi. Ulirudi mara tatu, na mara zote tatu tulikubaliana abaki kwa sababu ya shule. Sikulaumu hata kidogo. Lakini tangu mwezi wa sita, kila akisema “mama yangu” najua anamaanisha wewe peke yako, na nakaa hapa nakukasirikia wewe kwa jambo nililolifanya mimi. Unisamehe.

Sasa habari njema, nimeichelewesha mno. Jumanne barua ya chuo ilifika. Wamemuchukua! Aliisoma akiwa amesimama mulangoni, akapiga kelele hadi Muzee Chalwe akatoka kwenye mabati yake, mutoto akanirukia shingoni tukaanguka wote wawili juu ya vikapu. Na pale kwenye vikapu, mashavu yake yamelowa, akaniambia, Anti, wamenichukua, wamenichukua, Anti! Nilifurahi, Jessy. Nilifurahi sana, na nililia, na yeye alidhani nalia kwa furaha tu. Tukapiga magoti tukashukuru.

Ataanza mwezi wa kwanza, miaka miwili. Ni mbali, siku mbili juu ya lori, kamio munavyosema ninyi. Naogopa kitu kimoja. Akiondoka hapa na neno hilo mudomoni, akakaa nalo miaka miwili kati ya wageni, atalizoea. Atarudi mwalimu, na mimi nitakuwa anti wa kweli, yule wa kutumiwa sabuni wakati wa Krismasi.

Pamoja na barua ilikuja karatasi ya kibali. Kwa kuwa baba yake ni marehemu, wanataka saini ya mama. Kuna mustari mumoja, na lazima karatasi iwe imerudi chuoni kabla ya tarehe 30 Novemba, la sivyo nafasi yake anapewa musichana mwingine.

Alhamisi aliniletea karatasi hiyo mezani. Akaweka kidole juu ya ule mustari, akauliza hapa anasaini nani. Nikamujibu, mama yako. Hakuondoka. Nikasikia wanatwanga mihogo kwa jirani, wakamaliza kinu kizima. Ndipo akauliza, yupi?

Hakuwa anacheza, Jessy. Amenipita urefu sasa, lakini alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili kama mutoto wa darasa la kwanza, na aliogopa nitakachosema. Alikuwa ananipa nafasi nirekebishe, naelewa hivyo leo. Na mimi, dada yako mwenye maneno, ninayesahihisha wilaya nzima, nikasema mboga ya sombe inaungua nikakimbilia nje. Hakukuwa na sombe motoni. Hata moto hatukuwa tumewasha.

Nisalimie watoto wote, umubusu yule mudogo ambaye sijamuona. Musalimie mama mukwe wako, umwambie mimi, Eneless, bado nakumbuka samaki alionipikia mwaka ule, na sikupenda pilipili, lakini nilikula. Bwembya, kaka yetu, anakusalimu kutoka Puta. Nyavu zake mpya zimeshika vizuri na ameacha kulalamika, jambo ambalo linatutia wasiwasi. Muzee Chalwe anakusalimu, na mabati yake yanakusalimu. Chilufya anakusalimu sana na anakuandikia yake mwenyewe. Hajui ninachoandika hapa, anadhani naomba saini tu.

Nimetanguliza salamu zote kwa sababu naogopa hili lililobaki.

Kingsley anavuka Jumanne kwenda Kilwa, kisha anapanda kamio na samaki wake hadi kwenu. Atakaa Elisabethville siku nne. Ndani ya bahasha hii umeiona karatasi ya kibali. Usikubali watoto waishike wakiwa na mikono ya mafuta. Mupe Kingsley arudi nayo, asimuachie mutu mwingine yeyote.

Ungeweza kusaini tu mambo yakaisha. Wewe ndiye uliyemuzaa, karatasi itakuwa sahihi, na hakuna mwalimu duniani atakayepata cha kukata. Ukijaza mustari wote nitaelewa, na sitakununia, au nitanuna wiki moja tu. Lakini mimi sijawahi kukuomba jambo kubwa, Jessy, na leo naomba. Andika jina lako kwa herufi ndogo, mwanzo kabisa wa mustari, uache nafasi. Karatasi ikirudi nitamwita Chilufya mezani, asimame aangalie, na mimi nitaandika jina langu kando ya lako.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako, awape mvua kwa wakati wake, na atuvushe sote hadi tuonane. Pokea mapenzi yangu yote. Na usiogope kwa ajili ya nafasi ya mutoto. Chuoni watasema kuna jina moja limezidi. Nitawaandikia, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba halikuzidi.

Ni mimi dada yako, anayekupenda tangu ulipozaliwa,

Eneless